Uso Wako Mkavu na Baridi ya Njombe

Somoe mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekunywa chai ukiwa umesimama, ukaita bodaboda ikupeleke Madimba kumuaga bibi yako, kisha ukarudi mbio mlangoni kuchukua mtandio uliousahau. Ukaniuliza, "Mama, mbona umenuna?" Nikakujibu sijanuna. Nilikuwa nimenuna kweli, ila si kwa hasira. Naogopa. Tangu ulipopangiwa chuo cha ualimu Njombe naogopa, na leo mchana uoga wenyewe nimeushika mkononi.

Nilikuwa natia korosho kwenye begi lako, zile nilizokubangulia uwapelekee wenyeji wako wa huko. Chini ya sweta nikakuta soksi imepigwa fundo. Nilidhani umeficha hereni, nikafungua nizitie kwenye kimkoba zisipotee. Ndani kulikuwa na kikopo cheupe, hakina jina, hakina maandishi yoyote, kifuniko kimezungushiwa selotepu. Sikuhitaji hata kukisogeza puani. Manukato juu, na chini yake ile harufu ya dawa ambayo nikilala nikiamka naijua. Huu ni mkorogo, Somoe. Nimekaa kitandani kwako na hicho kikopo mapajani.

Mambo ya safari sitayagusa. Baba yako ameshakuhubiria juu ya kushukashuka kwenye basi, na shangazi yako amekwambia ya wanaume mpaka ukaziba masikio. Mimi nitaandika juu ya mafuta ya uso tu. Ukicheka, cheka, lakini usiitupe barua hii.

Ngozi yako umeitoa kwangu, na kwa hilo sina la kujitetea. Baba yako hata akilala shambani huamka anang'aa kama sufuria mpya. Sisi wawili tumepewa ngozi isiyotunza maji. Upepo wa kusi ukianza tu, mashavu yanapauka, pembe za mdomo zinachanika, mtu akituchekesha tunashika midomo kwanza. Nilipokuwa msichana wenzangu waliniita Makopa, maana uso wangu ulikuwa na unga mweupe kama muhogo ulioanikwa juu ya bati. Jina lilinifuata mpaka kisimani, mpaka kwenye ngoma. Na wewe ulipokuwa kidato cha pili ulirudi nyumbani ukalala kifudifudi, ukasema kuna mvulana amekuuliza kama umejipaka chaki. Mimi nikacheka. Nilidhani nikicheka utaona ni jambo dogo. Leo nikikumbuka ulivyogeukia ukutani, naona nilikukosea siku ile. Ungepata mtu wa kukusikiliza wakati ule, pengine leo kusingekuwa na kikopo.

Maana najua kilikuja vipi. Hukwenda kutafuta weupe. Ulisikia Njombe kuna baridi inayopasua mashavu, ukaogopa kufika ugenini na uso wa chaki, ukamweleza mtu, na huyo mtu akakwambia ana kitu cha kulainisha. Nasema hivyo kwa sababu na mimi niliingia kwa mlango huohuo. Weupe sikuwa na haja nao. Nilitaka uso usiokwaruza.

Lakini kosa langu lilianza zamani kuliko hapo, kwenye korosho. Unajua tunavyobangua hapa nyumbani: bati juu ya moto, korosho zinachomwa mpaka maganda yanatoa mafuta na kushika moto, tunazima kwa mchanga, kisha tunagonga tukiwa tumejipaka jivu mikononi. Unajua pia kelele ninazokupigia, "Usijishike uso weye mtoto!" Nadhani hujawahi kuniuliza kwa nini napiga kelele namna ile. Nilikuwa na umri kama ulionao sasa, tunabangua kwa ajili ya harusi ya binamu yangu, jua kali, jasho linaingia machoni. Nikajifuta kwa kiganja. Mafuta ya ganda yakanishika shavu zima. Lilichoma mpaka nikalia, likawa jeusi, likakauka, halafu siku za harusi zilipokaribia ngozi ikabanduka kama gamba la kitunguu. Chini yake kukatoka ngozi mpya, laini, ina rangi ya maji ya kunde. Wasichana wakanizunguka. "Mwee, Makopa katakata uso!" Shangazi yangu akanishika kidevu akanigeuza huku na huku, akasema, "Moto umekufanyia hisani." Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao, na usiku wa ngoma nikacheza mbele badala ya nyuma.

Hapo ndipo nilipojifunza vibaya. Nilishika kichwani kwamba ngozi inayouma ndiyo inayopona, na inayobanduka ndiyo inayotakata. Hakuna aliyenisomesha hivyo. Nilijisomesha mwenyewe kwa shavu moja lililobahatika, na hata shavu hilo lilirudi kuwa kavu kuliko mwenzake baada ya mwezi wa harusi kuisha. Hilo la pili sikulitia maanani.

Kwa hiyo nilipokuwa nimeshaolewa, wewe hujaanza hata kutambaa, nikaenda kwa mwanamke mmoja sokoni aliyekuwa akiuza mafuta ya kuchota. Tumwite Mama Rehema, jina lake halikusaidii. Alikuwa na ndoo nyeupe chini ya meza na kijiko cha mbao.

Nikamwambia, "Nataka ya kulainisha tu, shoga. Uso wangu unakwaruza."

"Hii hii. Paka jioni, asubuhi utanishukuru."

"Ndani kuna nini?"

"Mafuta mazuri mazuri nimeyachanganya. Weye unataka uso au unataka kujua mapishi?"

Nikarudi baada ya siku chache nikamwambia inawasha. Akaniambia, "Ikiwasha ujue inafanya kazi." Mwingine angekitupa kikopo palepale. Mimi niliitikia kwa kichwa, maana nilikuwa na ushahidi wangu wa korosho. Ngozi ikaanza kubanduka, nikafurahi. Uso ukawa laini kweli, Somoe, sitakudanganya. Ukawa laini na ukang'aa, na baba yako akasema, "Siku hizi umependeza," na mimi nikaenda kuchota kingine.

Halafu msimu ukafika, tukashinda mikoroshoni. Jua lilinipiga uso kama nimepakwa pilipili. Ngozi ilikuwa imebaki nyembamba, haina la kujikingia. Juu ya mashavu yakaanza madoa, kwanza kahawia, kisha meusi yenye ubuluu. Nikisema niache kupaka, uso unavimba, unatoka vipele, unawasha mpaka nakosa usingizi. Nikipaka tena, unatulia. Nikawa namlipa mwizi wangu ili asinipige. Unaona jinsi mtego ulivyo? Kitu kinachokuumiza ndicho kinachokutuliza, na wewe unakishukuru.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo baba yako hajawahi kukusimulia, na ni uungwana wake. Ulikuwa ndiyo kwanza umejua kusema vizuri. Tulikwenda Madimba kumsalimia bibi yako, ukapanda mapajani kwangu, ukanishika hapa juu ya shavu, ukauliza mbele ya watu, "Mama, nani kakupiga?" Bibi yako akanitazama lile doa, akamtazama mwanawe. Kesho yake akaja huku kwetu Ziwani kwa miguu yake, hakupokea hata maji, akamsimamisha baba yako uani.

"Nimekulea na baba yako hakuwahi kuninyanyulia mkono. Weye umejifunzia wapi?"

Baba yako akasema, "Mama, wallahi sijamgusa."

"Uso wa mwenzio umeoza, unaniapia Mungu?"

Akanigeukia mimi. Baba yako, namaanisha. Alinitazama akingoja niseme. Na mimi nikatazama chini. Niliona aibu kusema kwamba nimejifanyia mwenyewe kwa kijiko cha mbao. Nikamwacha mwanaume ambaye hajawahi kunipigia hata kelele asimame pale akitukanwa na mama yake mbele ya majirani. Aliitikia, "Nimesikia, mama," akachukua panga akaenda shamba. Kwa muda mrefu bibi yako hakula chakula mezani kwa mwanawe, na mimi niliendelea kunyamaza, na niliendelea kupaka.

Baba yako aliporudi jioni ile alikitafuta kikopo akakipata, akaenda kukitupa chooni. Siku ya pili yake nilikuwa kwa Mama Rehema tena, na safari hii nilijifunza kukificha ndani ya debe la unga. Hili lishike, nitakueleza kwa nini.

Ukweli niliusema hospitali, na nikausema kwa kulazimika. Macho yalikuwa yamevimba siwezi kufumbua. Daktari akaniuliza nimepaka nini. Nikasema mafuta tu. Akauliza mafuta gani. Nikasema ya kawaida. Baba yako alikuwa amekaa pembeni ameshika kofia yake, na kwa mara ya kwanza akanisemea kwa upole, "Mwambie, mama Somoe, utakufa." Nikalia, nikasema. Daktari alinieleza kwamba kwenye michanganyiko ile huwa zinatiwa dawa kali za kupoza ngozi ambazo mtu hapaswi kujipaka bila kuandikiwa, na vitu vya kuondoa rangi, mara nyingine hata zebaki, ambayo haiishii usoni, inaingia mpaka kwenye figo. Kuacha kulinichukua muda na machozi. Bibi yako nilimfuata mwenyewe, nikamwambia mwanao hana kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu, "Na weye uliweza kumtazama mumeo?"

Ndiyo sababu nakuandikia, mwanangu. Siogopi baridi ya Njombe. Mwalimu wenu wa hesabu aliyetokea huko ameniambia kwamba kipupwe kikiingia mashavu ya watoto yanapasuka na bado wanacheza. Baridi ina dawa. Ninachoogopa ni wewe kukaa mbali, uso unawasha, kuna kioo na kikopo na hakuna mtu wa kukuuliza nani kakupiga.

Basi sikiliza nilichokijua baada ya kulipia kwa ngozi yangu. Mafuta mazuri ya uso mkavu hayana maajabu. Hayabadilishi rangi, hayabandui kitu, hayakufanyi ung'ae ndani ya siku chache. Kazi yake ni kuyazuia maji yasitoke kwenye ngozi, basi. Ukiyapaka unatakiwa usisikie kitu. Yakichoma, yawe yametoka duka kubwa au kwa rafiki yako wa roho, nawa na uache. Kuwasha si kazi, ni kilio cha ngozi.

Kwenye begi, mfuko wa pembeni, nimekuwekea krimu nzito. Losheni ile nyepesi unayoipenda kwa sababu inateleza itakufaa hapa pwani, hewa ina unyevu. Kule itakauka kabla hujafunga kifuniko. Nimechagua hii kwa sababu ina glisarini, haina manukato, na imeandikwa kila kilichomo. Harufu nzuri usiitafute kwenye mafuta ya uso, jipulizie kwenye nguo. Na ukitaka kununua nyingine ikiisha, geuza kopo usome nyuma kabla ya kusoma mbele. Mbele wameandika ya kukuvutia. Ukikuta wametaja kung'arisha, kutakatisha, kuondoa weusi, rudisha kopo juu ya meza hata kama muuzaji anakuita mrembo. Kama halina maandishi kabisa, usilishike.

Jaribu kwanza ndani ya mkono, pale karibu na kiwiko, siku kadhaa, ndipo upeleke usoni. Najua huna subira. Mkono ukiharibika unavaa sweta, uso utauvika nini?

Na upake ngozi ikiwa bado na majimaji. Hilo ndilo nililolikosea hata nilipokuwa na mafuta mazuri. Nilikuwa najikausha kwa taulo mpaka nasikia uso umekaza, ndipo napaka, nashangaa mbona mafuta yanakaa juu tu. Nawa kwa maji ya uvuguvugu, hata kama maji ya moto yatakuita asubuhi ya baridi, na ile sabuni ya kufulia uiache ifue nguo. Gusagusa na taulo, usisugue, upake hapohapo. Usiku ukiona bado panapasuka, ongezea mafuta ya mgando kidogo juu ya krimu, yale ya kawaida yasiyo na harufu, kwenye mashavu na midomo. Yananata na hayapendezi, lakini unalala, nani anakuona? Mchana paka na ile ya kuzuia jua. Utasema Njombe hakuna jua. Lipo, limejificha nyuma ya ubaridi, na ngozi yako ni yangu, haisahau.

Kama kuna siku uso umewaka, umetoka maji, au unakuwasha mpaka unashindwa kusoma, hayo si ya mafuta tena. Nenda hospitali, na ukiulizwa umepaka nini, jibu kweli mara ya kwanza.

Nimesimama kidogo nikatoka na kikopo chako mpaka mlangoni mwa choo. Kifuniko nilikuwa nimeshakilegeza. Mkono ulitaka, Somoe, ulitaka sana. Kisha nikamkumbuka baba yako na kile alichokitupa, na debe la unga, na jinsi nilivyokuwa mwerevu wa kuficha kuanzia siku ile. Nikikitupa, utafika Njombe umenikasirikia, na masoko ya Njombe nayo yana wanawake wenye ndoo chini ya meza. Nitakuwa nimekufundisha kuficha tu. Kwa hiyo nimekirudisha kwenye soksi, nikafunga fundo kama ulivyolifunga wewe, nikakiweka chini ya sweta. Barua hii nitaiweka juu yake. Sijui kama nimefanya vema. Mama mwingine angekuchapa kofi. Pengine ndiye mwenye akili.

Sikukatazi. Umekuwa mkubwa, kesho jua likichomoza utakuwa kwenye njia ya Masasi, na mkono wangu haufiki huko. Nakuomba kitu kimoja. Siku utakayokishika kile kikopo ukasema leo napaka, nipigie kwanza. Upige ile simu ya picha. Najua nimewakatalia nyote miaka yote, nasema mtandao wa huku mbovu, nasema sijavaa vizuri, naelekeza simu kwenye dari mnaongea na bati. Mtandao si mbovu kiasi hicho. Nilikuwa sitaki watu waone haya madoa ambayo hayajaondoka, na hata wewe humu ndani nakugeuzia shavu.

Hiyo nitaipokea. Nitatoka nje penye mwanga, nitavua mtandio, nitaishika simu karibu, na sitageuza shavu. Hutahitaji kusema neno, wala mimi sitasema. Niangalie mpaka utosheke, ndipo uamue.

Picha ikigandaganda, kata upige tena. Nitakuwa palepale.

Mama yako